Mimi, yeye na mchanga wa Wahiba

Ukweli usemwe mapema: sikwenda Oman kwa ajili ya jangwa. Nilikwenda kumwona mume wangu. Miezi 14 yeye yuko Muscat kikazi, mimi niko Dar es Salaam na kazi yangu ya benki, na ndoa yetu ikawa inaishi ndani ya simu. Asubuhi "umeamkaje", mchana picha ya sahani ya chakula, usiku "lala salama mpenzi". Wale wenzangu ambao waume au wake zao wako mbali mnanielewa. Mnaongea kila siku, lakini mwisho wa wiki ukijiuliza mmeongea nini, hupati.

Basi nikafika, likizo ya wiki mbili mkononi, gauni jipya, marashi, kila kitu. Siku tatu za kwanza tukawa kama wageni wawili waliopewa chumba kimoja gesti. Yeye amezoea kulala kiyoyozi kikivuma usiku kucha, mimi nasikia baridi. Mimi nikiweka kikombe hapa, yeye anakihamishia kule bila kusema neno. Jioni tunatoka, tunakula, tunarudi, kila mtu anashika simu yake. Na kila mmoja wetu, hili nilikuja kulijua baadaye, alikuwa na jambo moja kubwa la kumwambia mwenzake na alikuwa analizungukazunguka tu.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja anayefanya kazi na mume wangu. Sisi tulimwita Ami, kama wanavyomwita wote pale ofisini. Alizaliwa Unguja, akaingia Oman akiwa kijana, miaka ile baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kwao. Kiswahili chake ni kile cha Mjini hasa, kitamu mpaka unatamani aendelee kusema. Alikuja kutusalimia, akakaa dakika kumi, akatutazama, kisha akamgeukia mume wangu.

"Mwanangu, mkeo umemleta hapa kumuonesha maduka? Maduka kayaacha kwao. Mpeleke mchangani akapumzike. Nyote wawili mkapumzike."

Mimi nikacheka. Mtoto wa Tabata mimi, mchanga ninaoujua ni wa Kigamboni, una bahari pembeni na kijana wa mishkaki. Nikalale jangwani kutafuta nini?

Jangwa lenyewe Waomani wamezoea kuliita Ramlat al-Wahiba, mchanga wa Wahiba, kwa jina la kabila moja la Wabedui wa huko. Siku hizi kwenye ramani na vibao utaona Sharqiya Sands. Sharqiya ndiyo mashariki yetu hiyo hiyo, haihitaji mkalimani. Ni kama kilomita 180 kutoka kaskazini hadi kusini na 80 kwa upana, jumla yake kilomita za mraba zipatazo 12,500. Kisiwa kizima cha Unguja kingeingia humo zaidi ya mara saba na nafasi ikabaki.

Lakini kilichonifanya nikae vizuri kwenye kiti ni pale Ami aliponieleza kuhusu upepo. Matuta ya Wahiba hayajarundikwa ovyo. Yamejipanga kama matuta ya viazi shambani, yanatoka kusini kwenda kaskazini, makubwa yake yanafika mita 100 kwenda juu, na katikati yake kuna mabonde marefu ambamo magari hupita. Aliyeyapanga ni upepo wa kusi. Ndiyo, kusi hii hii yetu, ile iliyokuwa ikiyasukuma majahazi kutoka Zanzibar kurudi Sur na Muscat yakiwa na karafuu na boriti. Upepo ule ule uliowarudisha watu nyumbani ndio uliosukuma mchanga kwa maelfu ya miaka mpaka ukawa milima. Nikasema sawa, twende.

Tulitoka Muscat Alhamisi mchana, maana huko mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Barabara ni lami tupu, pana, inapenya milima ya Hajar yenye rangi ya chuma kilichoshika kutu, na baada ya saa mbili hivi unaingia Ibra. Huu ni mkoa ambao familia nyingi zilikuwa na mguu mmoja Zanzibar. Dukani, wakati nachagua tende, nikamnong'oneza mume wangu kwa Kiswahili kwamba bei imezidi. Bibi mmoja nyuma yangu, kavaa kanga chini ya buibui lake, akanijibu, "Si ghali mwanangu, hizo ni khalasi, zionje kwanza." Nilitamani ardhi inimeze! Mtu wangu, ukiwa Sharqiya chunga mdomo.

Nyumbani kwa Ami tulikunywa kahawa ya iliki na halua, mkewe akatufungia chakula kama vile tunahama. Kisha yeye mbele na pikapu yake, sisi nyuma na gari la kukodi, tukaelekea Bidiyah, kiasi cha kilomita 220 na ushee kutoka Muscat. Mji wake mkuu unaitwa Al Mintarib, na pale ndipo nilipoamini. Unapita mtaa wa kawaida, maduka, fundi cherehani, msikiti, watoto na mpira, halafu mtaa unaisha na lile tuta limesimama mwisho wa njia. Hakuna geti, hakuna kiingilio, hakuna mtu wa kukukatia tiketi. Nyumba ya mwisho, halafu mchanga.

Hapo ndipo mnatoa upepo kwenye matairi. Wenye magari mnielewe vizuri: bila hilo huendi popote. Tairi lenye upepo wa barabarani, tuseme 35 kwenye kipimo, linachimba mchanga kama jembe. Ukilishusha hadi 18 au 15 linatanuka kwa chini, linakanyaga mchanga kama unyayo wa ngamia. Mume wangu akashusha hadi 28, akasema inatosha. Ami hakubishana naye. Alichukua kijiti, akachuchumaa, akaenda tairi kwa tairi mpaka zote zikawa 18. Mimi nikatazama pembeni nisionekane nacheka.

Gari lenyewe lazima liwe la kuvuta magurudumu yote manne, na msiende gari moja. Kama hamna mwenyeji, pale Bidiyah wako madereva wa Kibedui wa kukodi. Beba maji, si chini ya lita tano kwa mtu kwa siku, na zaidi ya hapo ya akiba. Kuni au mkaa njoo nao. Ile miti unayoiona imesimama peke yake mchangani inaitwa ghaf, inaishi kwa maji ya chini sana na umande unaotoka baharini, na kuikata ni dhambi. Umande ule si hadithi. Watafiti wa Royal Geographical Society ya London walipoweka kambi huko mwaka 1986 waliorodhesha aina za mimea zipatazo 150 mahali ambapo mimi niliapa hakuna hata jani.

Kuhusu wapi pa kulala, nitasema ninavyoona mimi. Ndani kidogo kuna kambi nyingi za watalii, kuanzia vibanda vya makuti ya mtende hadi mahema yenye kitanda cha mbao, kiyoyozi na bwawa la kuogelea. Kama ni fungate na mfuko unaruhusu, nendeni, sina neno. Ila nyingine zina jenereta, muziki na pikipiki za magurudumu manne zinazonguruma mpaka jua linazama, na ukimya ulioufuata unabaki kwenye tangazo. Oman unaweza kupiga kambi mwenyewe mchangani bure, mradi usiwe mlangoni kwa mtu na uondoke na taka zako zote. Ami alituongoza kama kilomita 12 ndani, akatuonesha bonde moja kati ya matuta mawili, karibu na familia ya Kibedui anayofahamiana nayo. Yeye akalala kwao, nusu kilomita kutoka kwetu. Taa yao tuliiona. Akatupa sharti moja tu, usiku tusiende mahali ambapo ile taa haionekani. Akaacha na kamba yake ya kuvutia gari, "kwa lolote", akasema.

Sasa lile swali ambalo kila mwanamke analo lakini haulizi. Choo ni koleo dogo, nyuma ya tuta, unachimba shimo la kina, karatasi unarudi nayo kwenye mfuko. Usiku wa kwanza unaona aibu, wa pili unaenda unaimba. Na viatu, asubuhi vikung'ute kabla hujavaa, kwa sababu ya nge.

Jua lilipozama ubaridi ulikuja kwa haraka ya ajabu. Januari mchana ni kama nyuzi 25, raha tupu, lakini usiku inashuka hadi 15 au chini ya hapo, na kwa mtu wa Dar hiyo ni friji. (Juni hadi Agosti usithubutu, inapita nyuzi 45 na hata Wabedui wenyewe wanahamia kwenye mitende kuvuna tende.) Tukawasha moto, tukapasha nyama ya mke wa Ami, tukala kwa mikono. Nikatoa simu nipige picha. Mtandao hakuna. Nikamwona na yeye anainua yake juu, anaizungusha kama anatafuta redio. Hakuna. Tukaziweka chini.

Ukimya wa kule sijui niuelezeje. Dar hata saa tisa usiku kuna mbwa, kuna bodaboda, kuna feni. Kule nilisikia damu yangu masikioni. Na ndani ya ukimya ule mume wangu akasema, bila kunitazama, "Wanataka nisaini miaka miwili mingine."

Nikauliza, "Lini wamekwambia?"

"Novemba."

Novemba! Miezi miwili ya "umeamkaje" na "lala salama" na hilo limekaa tu. Nilikasirika mpaka nikasimama. Na kwa kuwa nilikuwa nimekasirika, likanitoka la kwangu nalo: nimeteuliwa kuwa meneja wa tawi, Mwanza, naanza Machi. Na mimi nilijulishwa kabla ya Krismasi.

Akanitazama. "Na ulikuwa unangoja nini?"

Sikuwa na jibu. Nikavaa viatu, nikapanda tuta. Naomba niseme wazi, ni ujinga kupanda tuta usiku umekasirika. Hatua mbili mbele, moja nyuma, mchanga unakurudisha, mpaka hasira yenyewe inakosa pumzi. Nilipofika juu nikakaa. Taa ya Wabedui ilikuwepo, nukta moja. Moto wetu, nukta nyingine, na mtu amekaa peke yake pembeni yake. Nikamwona alivyo mdogo. Kwenye simu mtu anajaa kioo chote, uso mzima, sauti sikioni, na unaamini unamwona. Sikuwa nimewahi kumwona mume wangu akiwa mdogo vile, peke yake vile, na nikafikiri kwamba hivi ndivyo amekaa jioni zote za miezi 14.

Baadaye akapanda na blanketi. Alichukua muda, anahema. Tukajifunika pamoja, na hapo ndipo tukaongea. Akaniambia anaogopa kurudi. Akirudi mshahara unashuka hadi nusu, na nyumba yetu ya Kigamboni iko kwenye lenta, mafundi wanadai, kaka zake wanahesabu kwamba yeye ndiye aliyefanikiwa. Mimi nikamwambia kwamba naogopa Mwanza, kwamba sijawahi kuongoza hata watu watano, na kwamba nilitamani aniambie "usiende" ili nipate wa kumlaumu. Hilo la mwisho sikulijua mpaka nilipolisikia likitoka mdomoni. Akacheka. Nikamwambia nyumba ikikaa kwenye lenta miaka mitatu haitakufa. Akasema bati limepanda bei. Tukabishana kuhusu bati, jamani, juu ya tuta la Wahiba, saa sita usiku, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nishuke kwenye ndege.

Nyota ninaziacha kwa makusudi, kila anayeandika kuhusu jangwa anaandika nyota. Ila nitasema kwamba Kilimia kilikuwa juu yetu, kile kikundi kidogo cha nyota ambacho babu alikuwa akinionesha, na asubuhi Ami aliniambia wao wanakiita Thuraya. Ni kile kile.

Alfajiri hema lilikuwa limelowa umande kama limefuliwa. Mchanga wote kuzunguka ulikuwa na nyayo: mende, ndege, na kitu chenye vidole vinne ambacho kilizunguka sufuria yetu kikaondoka. Tukaenda kwa Wabedui kunywa kahawa. Mama wa pale alivaa barakoa. Kizazi cha corona tunaijua barakoa kuwa ni ile ya hospitali, kumbe neno lenyewe ni la hii, kipande cha kitambaa kigumu kinachofunika paji la uso na pua, chenye nafasi ya macho. Hakutaka picha na hatukumpiga. Alimimina kahawa, akasukuma tende, na alipoona kikombe changu kinajaa kila nikimaliza akanionesha kwa mkono: kitikise ukirudisha, ndiyo maana yake basi. Nilikuwa nimekunywa vikombe saba kwa adabu.

Kisha mume wangu, kwa raha ya usiku ule, akataka kunionesha kwamba sasa anajua kuendesha mchangani. Tukaanza kupanda tuta. Gari linanguruma, mbele hakuna kitu ila mbingu, nikapiga kelele "Simama!" Akasimama. Jangwani kosa ni hilo tu, ukishaanza kupanda husimami katikati, na abiria hapigi kelele. Magurudumu ya nyuma yakazama mpaka kwenye ekseli. Alinitazama, nikamtazama.

Ami alikuja kwa miguu, taratibu, kikombe mkononi. Akazunguka gari mara moja. Kamba iko nyuma ya gari letu, pikapu yake iko pale chini. Akakaa mchangani. "Chimbeni kwanza," akasema.

Tukachimba. Yeye upande wake na koleo, mimi kwa mikono, mchanga unarudi kila tukiutoa, jua linapanda. Nusu saa hivi, karibu saa nzima. Kucha zangu za saluni zikaisha. Wakati fulani nikamwona amelala kifudifudi chini ya gari, anatoa mchanga kwa kifuniko cha sufuria, makalio nje, nikaanza kucheka nikashindwa kuacha, na yeye akaanza kucheka kule kule chini. Ndipo Ami akainuka akaenda kuleta pikapu. Kamba ikafungwa, gari likatoka kwa mvuto mmoja. Angeweza kufanya hivyo tangu mwanzo, na sisi sote watatu tulilijua hilo.

Tulilala usiku mwingine mmoja. Jumamosi tukatoka, na kabla ya kushika lami tukasimama Al Mintarib kujaza upepo. Msisahau hili, tairi laini kwenye barabara ya kasi ni ajali. Na msisafiri usiku kwenye barabara za mkoa ule. Ngamia wote wana wenyewe, lakini wanavuka wakijisikia. Tukapitia Wadi Bani Khalid, karibu tu, bonde lenye mabwawa ya maji ya kijani kati ya mawe meupe, yana maji mwaka mzima. Ukitoka mchangani siku mbili hujaoga, yale maji utayaona kama pepo. Kuogelea ruksa, ila akina dada vaeni nguo ya kustiri, fulana na suruali ndefu, ndiyo heshima ya pale. Ijumaa panajaa sana.

Mtandao ulirudi tukiwa barabarani. Simu zote mbili zikaanza kulia kwa pamoja, ujumbe juu ya ujumbe. Yake ilikuwa kwenye dashibodi. Aliitazama, akaigeuza kioo chini, akaniuliza kama naona Mwanza tutapata nyumba yenye kuangalia ziwa au hiyo ni bei ya wakubwa.

Alisaini miezi sita badala ya miaka miwili. Machi niliripoti Mwanza. Kigamboni bado iko kwenye lenta, na kaka mmoja hajafurahi. Wiki iliyopita Ami alipiga simu. Baada ya salamu zote, za mke, za watoto ambao hatujawapata bado, za mvua, akauliza kwa upole kama ile kamba yake ya kuvutia gari tunaikumbuka. Tunaikumbuka. Siku ya kuondoka zipu ya begi langu kubwa ilikatika, nikalifungia. Iko Mwanza.